Kipa Aliyeanikwa Siku Moja

"Pendekezo Na. 41/B la Kamati Ndogo ya Majina, Ishara na Vibao: Kuupa Jina Mlango wa Mashariki wa Uwanja wa Barafu (Mlango Usiotumika Majira ya Baridi)." Karatasi hiyo ilibandikwa Jumatatu juu ya benchi refu linalotazamana na kantini ya Doreen, na kufikia Alhamisi ilikuwa imesomwa na watu watatu, ambao ndio wale wale wanaolikalia benchi hilo kila asubuhi. Kulia hukaa Lorne Pruden, aliyekuwa mwamuzi wa pembeni kwa miaka thelathini bila kukiri kosa hata moja, wakamwita Jaji. Katikati ni Murray Wiebe, aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu mpaka mgongo ukamgomea. Huyo ni Dakta, kwa sababu alishikilia kwamba barafu nayo huugua. Kushoto, karibu na bomba la joto, ni Orest Hnatiuk, au Kikokotoo, aliyetunza bajeti ya mishahara ya Korongo, klabu ya mpira wa magongo wa barafuni, hadi klabu yenyewe ilipouzwa ikahamia kusini, kwenye mji ambao theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi.

Mlango ulikuwa upewe jina la Delbert Natomagan. Kwa hiyo benchi likarudi kwenye kesi yake ya zamani: ilikuwaje Korongo wakampoteza Delbert?

Lililojulikana na wote ni hili. Oktoba ile, miaka ishirini na miwili iliyopita, Korongo walikuwa na makipa watatu. Wa kwanza Lindvall, Mswidi, ambaye mshahara wake ungelisha mtaa mzima na mbwa wao. Wa pili mtu wa kuaminika na kusahaulika. Wa tatu Delbert, kijana wa ng'ambo ya ziwa, aliyejifunzia kudaka nyuma ya uwanja huu huu, na mji ulimhesabu kuwa wake. Ligi ina kikomo cha mishahara, na Korongo walikuwa wamekipita kwa dola elfu arobaini. Ilibidi mtu aanikwe: jina lake liwekwe kwenye orodha ya ligi kwa saa ishirini na nne, na timu yoyote inayomtaka imchukue bure. Asipotakiwa, anateremshwa timu ndogo, na mshahara wake unatoka kwenye hesabu. Delbert akaanikwa. Akachukuliwa. Mwezi wa Januari Lindvall akavunjika kifundo, lango la Korongo likawa wazi kama ghala lisilo na mwenyewe, na msimu uliofuata watazamaji wakapungua. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mawakili.

— Makipa watatu ni wengi mno, alisema Dakta. Wahenga walikwisha sema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule wa tatu ilikuwa zamu yake ya jembe.

— Delbert hakuwa mgeni, bwana. Amezaliwa hapo ng'ambo.

— Ndiyo maana jembe lilimkaa vizuri.

Jaji akatikisa kichwa kwa huruma ya kimahakama. Kwake yeye lile lilikuwa shauri la hila. Waliomchukua Delbert walikuwa na makipa wawili wazima mpaka asubuhi ile, na ghafla mmoja akateguka goti mazoezini, saa mbili kabla orodha haijafungwa. Goti gani hilo linalojua saa?

— Mimi nilimwona yule mwenye goti, alisema. Wiki mbili baadaye, kwenye harusi ya binamu yake. Alicheza dansi mpaka bibi harusi akaomba kupumzika.

— Ulialikwa?

— Nilipita.

Dakta hakukubali kuzidiwa. Goti, alisema, lilikuwa jambo dogo. Ligi yenyewe ndiyo ilitaka timu ihamie kusini kwenye pesa, na huwezi kuhamisha timu inayoshinda. Wakaanza na kipa. Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba mwaka ule maji ya barafu yalikuwa na ladha ya chumvi, na chumvi hulegeza barafu, na barafu iliyolegea humvunja kipa kifundo. Yeye aliionja kwa ulimi wake mwenyewe.

— Uliramba uwanja? aliuliza Doreen kutoka kantini.

— Kikazi.

Orest alikoroga kahawa isiyo na sukari. Kila mwaka, kesi ilipofika hapo, wenzake walimgeukia yeye, naye alitoa jibu lake la maneno mawili: hesabu ilikataa. Walilipokea kama mtu anavyopokea habari za baridi. Hakuna aliyewahi kuilaumu hesabu, na Orest alikuwa ameishi ndani ya neno hilo kwa miaka ishirini na miwili, kama mtu aliyejificha kwenye nyumba ya jirani mpaka akasahaulika kuwa mgeni.

— Hesabu ilikataa, alisema.

— Basi, alisema Jaji. Hesabu haina ndugu.

Hapo ndipo alipoingia binti wa ofisi ya mji, Shayla Okemow, theluji mabegani, na bahasha ya fomu za maoni. Alieleza kwamba kamati imeafiki, ila kuna kipengele cha sita: mhusika aalikwe na mtu wa klabu ya zamani anayeelewana naye. Barua tatu za mji hazikujibiwa. Akawauliza: wazee wangu, nimwendee nani?

Wakataja majina. Rais wa klabu alikwisha kufa. Kocha yuko kwenye nyumba ya wazee na anamwita kila mtu Lindvall.

Shayla akafikiri kidogo.

— Siku ile alipochukuliwa, nani alimpigia simu kumwambia? Labda huyo ndiye anayemkumbuka kwa wema.

Dakta alisema lazima ni wakala wake, kisha akakumbuka kwamba Delbert hakuwa na wakala, alikuwa na shangazi. Yeye na Jaji walijua desturi ya Korongo, maana kila mtu mjini aliijua: anayeandika jina kwenye orodha ndiye anayempigia mwenye jina, kwa mdomo wake, kabla karatasi haijatoka ofisini. Ila katika miaka yote ya kesi, benchi lilikuwa limeuliza kila kitu isipokuwa mwandishi ni nani.

Taratibu wakamgeukia Kikokotoo.

Orest aliweka kikombe chini. Alisema hatua ile ilikuwa iwe ya karatasi tu. Makabati ya timu zote yalikuwa yamejaa makipa. Mwezi wa Oktoba hakuna anayeokota kipa. Delbert angeanikwa Jumanne, angeanuliwa Jumatano, angeteremshwa kwa jina siku mbili na kurudishwa Ijumaa bila hata kuhamisha viatu vyake. Mke wake alikuwa mjamzito wa miezi minane, na walikuwa wamenunua nyumba nyuma ya kanisa.

— Nikaona nisimtie mtu hofu kwa jambo ambalo halitakuwa.

— Kwa hiyo hukumpigia, alisema Jaji. Haikuwa sauti ya mahakamani.

— Sikumpigia.

Dakta alitazama mikono yake. Doreen alizima redio, ingawa haikuwa ikisema lolote la maana. Shayla, kwa upole wa watu wa fomu, aliuliza kama basi angependa kumpigia sasa. Namba ya Delbert anayo. Aliiandika kwenye kona ya karatasi, akaichana, akampa. Orest aliikunja mara mbili, akaishika kwenye ngumi.

— Atasema nini? aliuliza. Hakuna aliyejua anamuuliza nani.

Jumatano ile ya Oktoba, miaka ishirini na miwili nyuma, Delbert Natomagan alikuwa juu ya ngazi, anapaka rangi chumba cha mtoto, redio ikiwa dirishani. Alisikia jina lake redioni, pamoja na la timu iliyomchukua, saa sita na dakika nne mchana, baada ya bei za ngano. Alishuka, akafunika kopo la rangi, akaenda kumwambia mkewe.