Barafu ya Dada Iracilda

Marehemu Iracilda Bentes Gadelha alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa São Lázaro, kando ya mto Solimões, akiwa mtoto wa pili wa mzee Hermínio na mama Zulmira, na mimi ninayesoma wasifu huu, Adamor, ni mdogo wake wa mwisho, kwa hiyo nikipandisha sauti mnivumilie, yeye ndiye aliyenifundisha.

Alianza shule mwaka 1969, akaishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alihama na hakuletwa mwingine, akaingia ziwani na baba, na huko ndiko alikojifunza kumhesabu pirarucu, yule samaki wetu mkubwa kuliko mtu, anapoibuka kuvuta hewa, kwa jicho na kwa sikio, mkubwa kando na mdogo kando, kazi ambayo mtu akikohoa tu inaharibika. Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na Valdeci, aliyemtangulia mwaka 2010, wakajaliwa watoto watatu, Jucineide, Ednelson na Rosenira, wote wapo hapa.

Mwaka 2003 kijiji kilimchagua kuongoza ulinzi wa ziwa, wakati ambapo samaki walikuwa wamebaki thelathini na saba tu, akawafukuza majangili kwa mdomo wake, na Mungu anaujua mdomo ule, hata mwaka 2013 tukahesabu elfu moja na mia mbili, serikali ikaturuhusu kuvua sehemu yao kila mwaka. Ndipo ikaja kampuni ya vipodozi kutufadhili, na ndipo dada yangu alipoanza kuzeeka.

Shida yetu ilikuwa moja tu, barafu, kwa kuwa mjini Tefé, kwenye soko, ni mbali, na samaki wa kilo themanini hangoji mtu. Lakini sisi watu wa mtoni tuna adabu zetu, mgeni haombwi kitu waziwazi, kwa hiyo katika kila barua Iracilda alieleza jinsi samaki wanavyooza, kisha akamalizia kwamba chochote mtakachotupa tutashukuru. Basi chochote kikaja! Zikaja kofia mia mbili, zikaja fulana, likaja bango refu kuliko kanisa, akaja mpiga picha na boti inayonguruma siku ya kuhesabu, samaki wakazama wote, naye akaomba eti wahesabiwe upya, Iracilda akamwambia, "Haya mwanangu, waite wewe, pengine watakuitikia." Mwaka jana tulifukia samaki arobaini na mmoja waliooza, tuliowalinda wenyewe tangu wakiwa wadogo, akalia kama aliyefiwa. Siku hiyo akaweka adabu kando, akaandika barua ya neno moja, barafu, akajibiwa kwamba ombi limepokelewa na kwamba ametumiwa vikombe.

Alianza kuugua figo Februari 2022, akalazwa Tefé mara mbili, akafariki hapa nyumbani Jumatatu tarehe 10 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri. Kampuni ilipopata habari ilituomba tungoje hadi leo Jumatano ili mkurugenzi awahi mazishi, na ili mwili usiharibike, saa sita mchana siku ile ile boti yao ilikuwa imefika na masanduku makubwa manane ya barafu. Jamani! Miaka tisa tumeomba, kumbe ilikuwa safari ya asubuhi moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tefé, majirani mliopika na kukesha nasi, walinzi wenzake wa ziwa, na ndugu zetu wa kampuni mlioketi mbele, mtuwie radhi kwamba fulana mlizoleta hatukuzivaa. Pia msihangaike na masanduku yenu, moja lilimtosha dada, na katika yale saba wamelala pirarucu kumi na wanne tangu jana, nasi leo tunaomba waziwazi kabisa, boti yenu iwapeleke Tefé mchana huu.

Pumzika, dada Iracilda, mwaka huu tunakuzika wewe peke yako.