Bi Kinyaa na Harusi Zilizoachwa Wazi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Kinyaa, alizaliwa tarehe 14 Juni 1964, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Jina hilo alijipatia mwenyewe. Kazi yoyote ya ovyo ilimtia kinyaa, naye hakuwa mtu wa kumeza maneno.

Alisoma shule ya msingi na sekondari mpaka mwaka 1982, kisha akaingia chuo cha ufundi kujifunza kurekodi sauti. Mwalimu wake alimkuta siku moja akisugua kwa pamba na spiriti mashine za kanda za darasa zima. Alipoulizwa, alijibu kwamba hawezi kuvumilia uchafu wa watu masikioni mwake.

Tarehe 8 Agosti 1990 aliolewa na fundi saa. Alisema alimkubali kwa usafi wa kucha zake tu, mengine aliyagundua baadaye. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2001, baada ya kazi ya miaka mingi katika studio ya redio, yeye na kaka yake walifungua duka la kutengeneza diski za video za harusi na mahafali. Kaka alipiga picha na kuchoma diski. Marehemu alisafisha sauti, akaigawa video katika sura, akatengeneza menyu ili mtu abonyeze na kwenda moja kwa moja kwenye hotuba ya baba wa bibi harusi. Sauti ikichelewa kidogo tu nyuma ya midomo, alirudia kazi yote. Alama ya kidole mgongoni mwa diski iliweza kumnyima hamu ya kula.

Sasa tufike pale ambapo baadhi ya ndugu walitaka tuparuke. Diski ikishachomwa, hatua ya mwisho ni kuifunga. Isipofungwa, hucheza kwenye mashine iliyoichoma tu. Kwingine kote huonekana tupu. Ni kazi ya dakika chache, kwenye mashine hiyohiyo. Msimu wa harusi ulipopamba moto, kaka yake aliiruka. Alizijaribu diski dukani kwenye mashine ileile, zikacheza, akazifungasha. Mteja akirudi kulalamika, aliambiwa deki yake ni mbovu.

Mei 2009 mjane mmoja alileta diski ya harusi yake. Sauti ya mumewe haikuwepo popote isipokuwa humo, na alikuwa ameshanunua deki tatu. Marehemu aliifunga palepale, mjane akakaa kwenye stuli akamsikiliza mumewe. Kisha marehemu akatoka nyuma ya duka akatapika. Alitaka wateja wote waitwe na kuambiwa ukweli. Kaka alikataa, akaondoka na mashine, kwa kuwa ilikuwa yake. Kwa wateja zilibaki diski thelathini zisizofungwa, na marehemu aliziandika zote kwenye orodha.

Wasifu huu unasomwa na binti wa kaka huyo. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza.

Kila mwaka alikwenda kuiomba ile mashine. Mara ya mwisho aliikuta bandani, imebebeshwa debe la chakula cha kuku, na mende wametaga kwenye trei.

"Kaka, mende wanalala ndani ya harusi za watu," alisema.

"Achana nayo, mdogo wangu. Watu wameshasahau."

Ukoo mzima ulikaa kimya, na marehemu ndiye aliyeambiwa apunguze makuu. Hilo nalo linatia kinyaa, na tunalisema mbele yake leo kwa sababu alipokuwa hai hatukulisema.

Machi 2023 figo zilianza kumsumbua. Kaka alifika wodini na mfuko wa machungwa, akalia, akaomba msamaha.

"Sitaki machungwa," alimwambia. "Isafishe ile mashine, uwatafute watu mmoja mmoja. Na usikanyage kaburini kwangu kabla hujafunga ya mwisho."

Aliwatafuta. Miezi kumi alizunguka, na kila diski iliyofungwa marehemu aliifuta kwenye orodha kwa mkono wake. Alifariki nyumbani tarehe 19 Januari 2024, saa nne asubuhi, akiwa amefuta ishirini na tisa.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na kaka. Huyo kaka mkimtafuta hapa hamtamwona. Diski ya mwisho iko kwa bibi mmoja ambaye alidanganywa mara moja na hakubali tena imtoke mkononi. Jana kaka alipanda basi kumfuata bibi huyo hukohuko, mashine mapajani, akatuomba tuzike bila yeye.

Mungu amlaze mahali pema, na pawe pasafi.