Marehemu Hakujiuzulu

Treni ilikuwa ikielekea Irving, huko ughaibuni. Bi Mashavu, mjane wa Kipemba, alikuwa akivuta tasbihi, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, ambako Mama Mado, mjane Mkongo, alikuwa amembana mzee wa kanisa lao.

“Nilitoka Uvira na watoto mgongoni. Hapa nimekuwa raia, ninachagua rais, lakini Jumapili mchungaji nisimchague?”

“Mama, kura ya nyumba yenu ni ya bwana yako.”

“Papa Godefroid, bwana yangu mulimuzika ninyi wenyewe!”

“Tulimuzika, lakini hakujiuzulu. Na alimpenda sana mchungaji wa sasa. Kura yake tunaijua.”

Bi Mashavu akaleta istighfari kimya kimya. Maiti wa kwao hawachagui hata sanda.

Treni ikasimama. Mado akainuka. “Basi Jumapili nitavaa koti ya bwana yangu. Mutaniamkia Papa, na Papa amegeuza nia.”