Kitenge cha Mama Emmanuella Juu ya Seva

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Emmanuella Kyungu anastaafu. Aliingia biro yetu, ofisi ya mizigo hapa bandarini Kalemie, akiwa mpiga taipu, na anaondoka akiwa msimamizi wa mashine zote. Wengi wetu ametufundisha kuwasha kompyuta na, lililo gumu zaidi, kuiacha.

Zamani, umeme ukirudi, kila mmoja alikimbilia seva, kompyuta kuu inayoendesha nyingine zote. Skrini ikibaki nyeusi, tulibonyeza kitufe cha kuwashia tena na tena, hadi diski ikaharibika. Mama akakifunika kitufe kwa kitenge chake cha manjano, akatoa amri moja: "Muache iamuke yenyewe. Hata muntu anaamuka kwanza, njo anasalimia." Alitueleza kwamba mashine hujipima, kisha huita mfumo endeshi, nao huziamsha huduma za nyuma: hifadhi ya data, mtandao, uchapaji. Hatuzioni zikifanya kazi, ila zikilala, biro nzima imelala.

Hilo tuliliona siku moja treni ya Kabalo ikiwa karibu kuondoka. Umeme ulikuwa umerudi, seva imewaka vizuri, lakini hati za mizigo hazitoki. Mama Sifa, mfanyabiashara wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alikaa juu ya magunia yake akilia. Mtaji wake wote ulikuwa humo, na bila hati hayapakiwi. Papa Édouard wa mapokezi akanyoosha mkono kwenye kitenge. Mama Emmanuella akauondoa kwa heshima zote. Alikuta huduma ya uchapaji imeamka kabla ya hifadhi ya data, ikakosa cha kuchapa, ikaanguka kimya kimya. Akaiamsha upya, hati zikatoka, magunia yakapanda treni. Kisha akaiandikia mashine agizo: uchapaji uisubiri hifadhi, na ukianguka uinuliwe. Haraka haraka haina baraka, nasi tulikuwa mabingwa wa haraka.

Aliposema anastaafu, tuliogopa kweli. Nani angetuokoa? Juma lililopita umeme ulikatika akiwa nyumbani. Uliporudi, hakuna aliyegusa kitu. Tulikunywa chai, huduma zikaamka kwa zamu, Mama Sifa akapata hati yake. Mama akafika mbio juu ya pikipiki, akatukuta kazini.

"Hamukuniita?" akauliza, kisha akacheka huku akijifuta macho.

Asante sana, Mama. Mungu akulinde wewe na wajukuu wako, na ndagala zisikose mezani kwako. Umeme ukirudi na simu yako isilie, ujue ni sisi tunakushukuru. Kitenge hatukirudishi.