Miaka Ishirini na Sita ya Kuitikia Hodi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi seremala wetu mkuu anastaafu baada ya kuitumikia idara ya mandhari ya kituo chetu cha televisheni kwa miaka ishirini na sita. Ana jina lake kamili ambalo hulitumia mhasibu peke yake. Hapa studio, mtaani kwake na hata sokoni, anaitwa Fundi Karibu. Aliyepewa jukumu la kuandika wasifu huu ni mpambaji wa waigizaji, ambaye chumba chake kinapakana na karakana ya Fundi, na ambaye kwa miaka kumi na tisa amevuta vumbi la mbao pamoja na poda. Kwa hiyo mahali ambapo kalamu itateleza kwa mapenzi, mvumilieni.

Fundi alikuja kwa kazi ya wiki mbili. Kituo kilikuwa kinaanza tamthilia ya Mlango wa Jana, ile ya muuguzi anayegundua kwamba mlango wa stoo yake unatokea moja kwa moja katika nyumba ya mama mzazi wa bibi yake, miaka mia moja nyuma. Alihitajika seremala wa kutengeneza mlango mmoja, na chumba kimoja nyuma ya mlango huo. Wiki mbili zikaongezwa, zikaongezwa tena, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kazi imekwisha. Mwigizaji wa muuguzi huyo, tunayemwita Msafiri hata tukimkuta kantini, alianza akiwa binti wa chuo na amemaliza akiwa na mabinti wa chuo.

Kuhusu hicho chumba, mwongozaji wetu hakuwa na mchoro. Sote tunamwita Mama Kata, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Alimwambia Fundi atengeneze chumba cha zamani, basi, akaenda kunywa chai. Fundi akatengeneza chumba cha zamani alichokijua, yaani cha mama yake, katika nyumba iliyojengwa na babu yake na iliyobomolewa mwaka uliotangulia ili barabara ipanuliwe. Akapiga kitanda kifupi cha kamba, akachonga kigoda, akatia dirisha la mbao lenye ubao mmoja uliopinda, kwa kuwa wa kwao ulikuwa umepinda. Mama yake alipoletwa kukiona, alikaa kitandani, akapapasa ukuta, kisha akasema msumari wa taa ulikuwa upande wa pili. Ukahamishwa siku hiyohiyo. Watazamaji wameuona msumari huo miaka yote hii bila kujua kwamba ulikaguliwa na mwenye nyumba.

Sasa tuje kwenye jina. Tangu mwanzo Mama Kata alikataa katakata Msafiri kuingia zamani kwa radi au kwa moshi. Ataingia kwa kupiga hodi, alisema, maana hata zamani ni nyumbani kwa watu. Kuitikia hodi ilikuwa kazi ya mwigizaji mmoja mkongwe, na asubuhi hiyo gari lilimharibikia njiani. Fundi hakuwa na habari. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, bisibisi mkononi, akihangaika na bawaba iliyokuwa inamletea ukaidi. Kamera zikaanza, Msafiri akapiga hodi kama alivyofundishwa. Na Fundi, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akaitikia hukohuko alikochuchumaa: "Karibuu, pita ndani!" Kisha akafungua.

Msafiri akapita. Hakuna aliyesema kata, hata Mama Kata. Fundi alipotambua alichokifanya, alitoka na bisibisi yake, akaomba radhi, akaeleza kwamba alidhani kweli kuna mgeni. Mama Kata alimwambia asiombe radhi, kwa sababu tangu juzi alikuwa anatafuta mtu wa kudhani kweli kuna mgeni. Yule mwigizaji mkongwe alifika saa sita, akapewa soda na nauli ya kurudi.

Toka siku hiyo, kila Msafiri alipopiga hodi, Fundi ndiye aliyeitikia na Fundi ndiye aliyefungua. Hakuonekana hata mara moja kwenye kioo. Lakini ile "karibuu" yake, inayopanda kidogo mwishoni kama ya mtu aliyekuwa anakusubiri wewe tu, ikawa inaigwa na watoto wa shule na makondakta. Fundi hakuwahi kujisifu nayo. Alisema hakuitunga yeye, ni ya mama yake, ndivyo alivyokuwa akiwaitikia wageni wa chumba kilekile.

Mwaka mmoja mafua yalimkaba sauti, tukamkodi mwigizaji wa jukwaani mwenye kifua kama ngoma. Aliitikia "Karibu!" kama anayemkaribisha mgeni rasmi kukata utepe. Simu za watazamaji zilipigwa hadi jioni. Mama mmoja aliuliza kwa wasiwasi kama wale wenye nyumba wamehama.

Na alipolazwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri, mambo yalimfuata hukohuko. Muuguzi wa kweli aligonga mlango wa wodi, naye kutoka kitandani akaitikia kwa mazoea. Yule dada aliganda mlangoni na sinia lake la dawa, akisubiri muziki wa tamthilia. Siku ile wauguzi wote wa ghorofa walipata sababu ya kwenda kugonga mlango wake, na Fundi akawaitikia wote, ingawa kila "karibuu" ilikuwa inamvuta mshono.

Hatuwezi kumaliza bila kukitaja Kikapu cha Leo. Mwaka wa pili tulikuwa tunapiga picha za msiba wa miaka mia moja iliyopita. Waombolezaji wanalia vizuri kabisa, mara simu ikaita. Ilikuwa ya maiti. Mbele ya kamera tatu, maiti ikapeleka mkono mfukoni, ikaizima, ikarudisha mkono kifuani. Kesho yake Fundi aliweka kikapu kwenye meza ndogo kando ya mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kupita kabla hajaacha humo kila kitu cha leo: simu, saa, miwani, bigijii, vibanio vya nywele. Hakumwonea mtu haya. Mkurugenzi wa kituo alipoleta wageni wake, aliambiwa kwa adabu zote avue tai, naye akavua. Mtayarishaji mmoja, ambaye hata hakuwa anaigiza, aliacha meno yake ya bandia, na mpaka leo hatujui nani alimwambia yanahusika.

Kwa mikono yake Fundi amejenga mahakama, zahanati, soko la samaki na jukwaa la treni, nyingi zikitokana na mbao zilezile. Alikuwa akisema mbao hazistaafu, zinahamishwa idara tu. Mandhari yake yaliwahi kupewa tuzo ya taifa, sanamu ya shaba yenye mabawa. Wageni hupenda kuiona, nasi tumechoka kueleza kwamba ipo chooni, inazuia mlango usijifunge.

Mlango ule haukuwabagua watu. Siku moja alikuja tarishi mstaafu, amenyoosha shati lake vizuri, akaomba kwa aibu kama na yeye anaweza kupita. Tulikuwa tumekaribia kumcheka. Fundi alimwonyesha kikapu, akazunguka nyuma, akasubiri. Yule mzee akapiga hodi, akaitikiwa, akaingia, akakaa kwenye kigoda kama robo saa hivi. Alipotoka alimshika Fundi mkono kwa mikono miwili akaenda zake. Baada ya hapo wamekuja wengine wengi, na sijamwona Fundi akimrudisha hata mmoja.

Yeye mwenyewe hajawahi kupita.

Hili lilitushangaza sana wakati fulani. Fundi akitaka kuingia kwenye chumba kile kupigilia msumari au kufuta vumbi, anatoka nje ya jengo, anapita kwenye jenereta, anazungukia geti la mizigo, anaingilia nyuma. Hata kama ana ubao begani. Hata kama mvua inanyesha. Wafanyakazi wapya walidhani ni agizo la usalama kazini, na yupo mmoja aliyezunguka naye miezi miwili kabla hajauliza. Ukimuuliza, alikuwa na jibu lake moja: "Nikipita mimi, nani ataniitikia?" Tukicheka, anacheka na yeye.

Mwaka wa kumi na nne mama yake alifariki. Tulikwenda kuzika, tukarudi naye kazini, mambo yakaendelea. Ikapita kama miezi miwili, siku moja tupo kwenye chai, mpiga picha wetu akamchokoza kama kawaida, kwamba Fundi, leo mvua kubwa, pita tu mlangoni bwana. Fundi akatoa jibu lilelile, nasi tukacheka kama siku zote. Yeye hakucheka. Akasema, "Zamani nilikuwa natania. Siku hizi sitanii." Akaosha kikombe chake, akaenda kuzunguka kwenye mvua. Hakuna aliyemchokoza tena kwa jambo hilo.

Mwezi uliopita tulipiga sehemu ya mwisho ya Mlango wa Jana. Tamthilia mpya itapigwa jengo la pili, mbele ya kitambaa cha kijani, na zamani yote itachorwa kwenye kompyuta. Hatulaumu, kazi lazima isonge mbele. Ila Jumatatu ijayo chumba kile kinavunjwa, na baadhi yetu tumekuwa tunatafuta visababu vya kupita pale kila siku. Msafiri amekutwa mara mbili amelala kwenye kitanda cha kamba akidai anatafuta hereni. Na Fundi? Wiki hii amekaza kamba za kitanda hicho upya, kana kwamba kuna mtu atalala.

Fundi wetu, tunakushukuru kwa kila mlango uliotufungulia, kwa kutuazima nyundo bila kuuliza itarudi lini, na kwa kutufundisha kwamba kazi isiyoonekana pia hufanywa kwa unadhifu. Tutakukumbuka mno, na hilo tunalisema bila kuzunguka. Nenda ukapumzike ukiwa na afya, wajukuu wasikufichie futi yako ya kupimia, na bawaba za nyumbani kwako zisikupigie kelele. Tunakuombea siku nyingi na njema.

*

Nakala aliyopewa Fundi inaishia hapo juu. Yanayofuata ni ya kwenu ninyi wengine, na atakayemwonyesha atapambwa na mwandishi huyu kwa rangi isiyotoka.

Keki ikishakatwa, Mama Kata atalalamika kwamba mlango umekwama. Fundi ataondoka na sahani mkononi kwenda kuutazama, tunamfahamu. Mfuateni taratibu. Pale mlangoni atamkuta Msafiri na kikapu, naye atamwambia aweke humo simu, miwani na ile futi yake. Halafu atamwambia apige hodi.

Hapa ndipo tulipopata shida, kwa sababu mlango usio na wa kuitikia ni ubao tu. Kwanza tulimtegemea Msafiri. Alijaribu wiki nzima, akakiri mwenyewe kwamba anasikika kama anatangaza sabuni. Mama Kata naye akajaribu, ikawa amri. Tulikuwa tumeshakata tamaa, mpaka binti wa kwanza wa Fundi aliposema, kwa nini msimwite Shangazi?

Shangazi huyo ni dada mkubwa wa Fundi. Enzi za uhai wa mama yao, watu walikuwa wakipiga simu nyumbani wakipokewa na yeye, wanamwamkia shikamoo mama, na yeye anaipokea bila kuwasahihisha. Amefika jana kwa basi, na Fundi hajui. Wakati mnasoma hapa, amekaa kwenye kitanda kifupi nyuma ya mlango, na chai yake. Ameshalalamika kwamba dirisha lina vumbi. Aliukuta ule msumari, akaushika.

Mtaalamu wa sauti alimwomba aseme japo mara moja ili apime vyombo vyake. Shangazi alimtazama kwa mshangao. "Mwanangu," akamwambia, "hodi haijapigwa, niitikie nini?" Kwa hiyo hatujafanya mazoezi, na hakuna kati yetu anayejua itakavyosikika.

Ametupa onyo moja tu. Mama yao hakuwa na kawaida ya kuitikia hodi ya kwanza. Alikuwa anajiweka sawa kwanza, anasogeza kigoda, anasubiri ya pili, na yeye Shangazi hawezi kufanya vingine. Basi Fundi atapiga ya kwanza, na kutakuwa kimya. Mtu asiingiwe na huruma akaitikia kwa niaba. Zimeni simu, jenereta litakuwa limezimwa, na watoto washikwe mikono. Tukae kimya pamoja naye, atapiga ya pili.