Vikapu Viwili, Kadi Mbili

Benchi la Kellen, muuza kahawa, liko mtaa wa Muhima, limeegemea ukuta wa duka ambalo lilikuwa bado halina mlango. Ilikuwa Desemba 1994, mwezi wangu wa nne Kigali. Nilizaliwa Bujumbura, nikasomea historia ya sanaa hukohuko, na kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa na usaili wa ualimu katika shule moja ya sekondari. Waliagiza nilete vitu viwili vya sanaa, nivilinganishe, na kila kimoja kiwe na kadi: kimetengenezwa na nani, wapi, kwa kazi gani, na mchoro wake una maana gani. Nilileta agaseke mbili, vile vikapu vyenye kifuniko kirefu cha ncha. Nikaviweka katikati ya Salvator, fundi viatu tunayemwita Dokta, na Rutayisire, dereva aliyekulia Uganda, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Zote mbili zako? Dokta aliuliza.

— Zimetoka nyumbani.

Hakuendelea. Pale kijiweni hatuulizani kitu kimetoka nyumba gani. Sote tumefika juzi, na sote tunalala katika nyumba tulizozikuta tupu baada ya vita.

— Hii kadogo iko ya plastiki? Redio akauliza.

— Nyuzi za gunia. Mama aliisuka Bujumbura. Hakuwa na katani, akafumua magunia ya mchele.

— Na hii ingine?

— Katani safi. Rangi nyeusi ya ua la mgomba. Pembe za mchoro wake ni kumi na moja, na ya tisa ni fupi.

Nilikuwa nimezihesabu mara nne.

— Hiyo ni milima, Dokta akasema. Huyu mama alikuwa anaangalia volkano kwa dirisha.

— Milima gani, sha! Iko mapigo ya ngoma. Pale kwa fupi, mpiga ngoma alichoka.

— Redio, ulishaona wapi ngoma inachorwa?

— Na wewe ulishaona wapi mlima unachoka?

Kellen alikuwa akimimina kahawa. Hakuinua macho.

— Wanaume, hamjui kitu. Hao ni watoto. Kumi na moja. Wa tisa alizaliwa njiti.

— Basi hii ni karatasi ya hospitali! Dokta akanigeukia. Andika, Mugeni, uwapelekee na kliniki.

Niliandika kweli. Kwenye kadi ya pili, mahali pa maana palikuwa patupu, na wasiwasi ulikuwa umenifikisha mahali pa kuandika chochote.

— Mimi nasema ramani, Redio akasimama. Ile fupi ndiyo mahali wamefukia kitu. Tuende tuchimbe!

Hakuna aliyecheka; mwaka ule waliochimba walikuta watu. Akakaa, akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

Ndipo akafika mama mmoja ambaye hatukumjua. Baadaye nilijua anaitwa Mukankusi. Alitua dumu lake la maji, akaomba kahawa, akaviangalia vikapu bila kuvigusa.

— Hii ya magunia, nani kasuka?

— Mama yangu.

— Na hii?

Redio akaangalia barabara. Dokta akachukua kiatu alichokwisha kukishona asubuhi, akaanza kutafuta sindano.

— Kahawa imekwisha, mama, Kellen akasema.

Haikuwa imekwisha. Niliisikia ikicheza ndani ya birika alipolitua.

Kadi zote mbili zilikuwa magotini mwangu. Kwenye zote mbili, kwa kalamu ya wino na mwandiko wangu mzuri, nilikuwa nimeandika: Mali ya familia yangu.

— Sijui, nikasema. Nilikikuta juu ya kabati. Gitega, hapo chini, nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kinu cha mahindi.

— Kijani, akarudia. Dirisha la kushoto lina kioo?

— Halina.

— Lilikuwa nalo.

Akainua dumu lake lakini hakuondoka. Alisimama tu, ananisubiri. Nilikiacha kikapu cha mama kwa Kellen, nikakibeba kile kingine kwa mikono, maana kwenye mfuko nilihofia ncha ya kifuniko ingepinda. Kadi ya pili niliiacha kwenye benchi. Haikuwa na neno hata moja ambalo ningeweza kulitetea. Tulianza kushuka kuelekea Gitega, yeye mbele, bila kuuliza njia. Ufunguo wa mlango ule ulikuwa mfukoni mwangu.