King'amuzi cha Sita cha Elhovishte

Risala ya wakazi wa Elhovishte, kijiji cha milimani Bulgaria, kwa mgeni rasmi, siku ya kuzindua huduma mpya ya televisheni

Mgeni rasmi, Bi Ralitsa Kamburova, mkuu wa idara ya kupanga vifurushi vya chaneli, mheshimiwa meya, wageni mliopanda naye, na ninyi ndugu zetu mliojaa humu ukumbini: habari za mchana.

KARIBU

Sisi wakazi wa Elhovishte tumekupokea kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi yetu, na tunasema karibu sana. Tumesikia kona za barabara yetu zimekusumbua. Pole, hata padri wetu hushuka garini akamalizia kwa miguu. Tumefurahi kwamba kampuni imemleta anayepanga vifurushi mwenyewe, si anayeviuza tu, maana sisi nasi tuliwahi kupanga.

HISTORIA

Kabla kampuni haijafika, dishi la kijiji lilikuwa juu ya paa la ukumbi huu. Chumbani nyuma ya jukwaa, Mjomba Delcho aliweka ving'amuzi sita. Kila kimoja kilitoa chaneli moja, ikapita kwenye waya mpaka kila nyumba. Kwa hiyo kijiji kizima kilitazama chaneli sita hizo hizo, na alichobadilisha Delcho kilibadilika kwa wote.

Tulizipanga mara moja kwa mwaka, siku ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, wachungaji wakishashusha kondoo kutoka milimani, kwa kuwa huku kwetu siku hiyo ndiyo ya kumaliza mapatano yote. Tulikaa humu na maboga ya kuchoma na rakia, pombe yetu kali ya matunda. Jinsi palivyokuwa na joto humu siku hizo! Wanaume walitaka mpira. Shangazi Vasilka wa dukani, ambaye wanawake wote walikuwa nyuma yake, aliwaambia mpira watapata, ila watauchukua pamoja na tamthilia, na tamthilia haiji bila chaneli ya mapishi.

"Ya mapishi sisi hatuitaki," wakasema.

"Najua," akawajibu. "Ndiyo maana nimeifunga na mpira."

Fundi wenu alipotueleza jinsi kampuni inavyopanga, tulicheka. Alisema mwenye mpira hauzi mpira peke yake, huufunga na chaneli zake nyingine zisizo na watazamaji. Alisema kila mwenye chaneli hugombea kifurushi cha chini, maana hicho kiko kila nyumba, na zile tamu huwekwa vifurushi vya juu ili watu wazifuate huko. Tukaambiana, kumbe Shangazi Vasilka angekuwa na ofisi yake mji mkuu, Sofia.

Jambo moja tu tulilifanya kivyetu. Chaneli tano zilipigiwa kura. Ya sita alipewa yule aliyeshindwa kura zote.

Huyo alikuwa Shangazi Glafira, mke wa Delcho. Ujanani Delcho alikwenda kukata miti Komi, kaskazini ya mbali huko Urusi, kama vijana wetu wengi wa wakati ule. Wenzake walirudi na magari, yeye akarudi na mke. Glafira alijifunza lugha yetu, akaimba kwenye kwaya, akagombana na majirani kama sisi wengine. Lakini Kikomi hapa alikijua peke yake. Delcho akapachika paani dishi la pili, dogo, linaloangalia kusini mashariki, akaipata chaneli ya kwao. King'amuzi cha sita kikawa cha Glafira.

Mwaka mmoja vijana walitaka mieleka, nasi tukaipigia kura hata ile ya sita. Glafira aliendelea kugawa maboga. Delcho alirudi nyumbani akitembea nyuma yake, akiitazama shali yake.

Tangu kesho yake, kila jioni mieleka ikawa inakatika. Mtu ameinuliwa juu, bado hajabwagwa, mara anatokea mama mwenye kitambaa kichwani anazungumza habari za kulungu wa theluji. Vijana wakamfuata Delcho.

"Mjomba, mieleka imekwenda wapi?"

"Upepo umesogeza dishi."

"Mbona upepo wenyewe unakuja saa ile ile?"

"Ndio upepo wa huku."

MAFANIKIO

Huo upepo ulituelimisha. Watoto walianza kumsalimia Glafira njiani, "Vidza olan", yaani habari kwa Kikomi, naye akawa anasimama na ndoo zake mpaka kila mmoja aseme sawasawa. Metodi mchungaji wa kondoo alibishana na televisheni majira yote ya baridi, akidai kulungu hawafungwi vile. Siku ya Mtakatifu Dimitri iliyofuata, mwenyekiti aliuliza kuhusu king'amuzi cha sita, na hakuna aliyenyoosha mkono. Basi kikarudi kwake, na hatukulizungumza tena.

CHANGAMOTO

Majira ya baridi yaliyopita Glafira alipata kiharusi. Mkono umepona. Lugha yetu haikurudi. Daktari anasema hutokea hivyo, mtu akabaki na ile aliyonyonya nayo. Anatuangalia kwa upole tukizungumza, kama mtu anayengoja basi. Delcho naye anajua Kikomi cha kambini tu. Alituambia hivi: "Maneno yangu ni ya kuangusha mti. Nitamwambia nini mke wangu, sogea, unakuangukia?"

Ila chaneli ya kwao ikiwaka, Glafira anaongea. Anamjibu yule mama wa habari, anamuuliza, anacheka. Delcho hukaa nyuma ya kiti chake, midomo ikicheza, anajaribu kushika neno moja moja ili baadaye amwambie.

Kuanzia leo nguzo na nyaya ni za kampuni, na vyombo vya zamani vinatakiwa kushushwa. Fundi wenu, kijana mwema, aliitafuta chaneli ile kwenye kifurushi cha chini, cha kati na cha juu. Haimo. Kufunga dishi nyumbani kwa Delcho haiwezekani, nyumba iko chini ya jabali na upande ule haioni anga. Delcho hakututuma. Alitukataza.

MAOMBI

Mgeni rasmi, barabara tutaiomba kwa meya. Kwako tuna ombi moja: dishi dogo libaki paani, na king'amuzi kimoja kibaki kwenye waya.

Hatuombi bure. Wewe ni mpangaji, basi tupatane. Kijiji kizima tutachukua kifurushi cha kati, pamoja na chaneli zote tusizozihitaji, ile ya kuvua samaki, ile ya kuuza sufuria, hata hiyo mieleka. Zifunge zote na hii moja.

Fundi yuko nje, ngazi ameshaiegemeza ukutani. Tumempa kahawa, tukamsihi asiwe na haraka. Wakati tunakusomea haya, Glafira ameketi mbele ya televisheni yake na kuna jambo anamsimulia yule mama. Tunaomba aachwe amalize.

Mungu akupe afya wewe na wa nyumbani kwako, na kona za kurudi zikuhurumie.

Ni sisi,
Wakazi wa Elhovishte